Amana ya Damu: Historia ya Vinasaba, Upelelezi na Sitara ya Mtu

Tangu zamani dola zimetaka kujua mambo mawili juu ya kila mtu aliye chini ya himaya yao: yeye ni nani, na ametenda nini. Kwa karne nyingi majibu ya maswali hayo yalitafutwa katika vinywa vya watu, kwa mashahidi na viapo, kwa wazee wa ukoo na kwa makadhi. Walakini katika muda wa miaka mia moja na ushei iliyopita majibu yameanza kutafutwa katika mwili wenyewe, kwanza katika ncha za vidole, kisha katika damu, mate na mifupa. Badiliko hilo limeleta manufaa yasiyokanika, kwa maana mwili haupokei rushwa wala hausahau. Na limeleta khofu yenye haki, kwa maana mwili hauwezi kukataa kutoa ushahidi, na aghalabu hueleza hata yale ambayo haukuulizwa. Historia hii inaanzia katika nchi ya Meru na mji wa Arusha, kwa sababu ni sehemu chache duniani ambazo zimeyaona mambo yote mawili, dhuluma ya kuutwaa mwili wa mtu bila idhini na insafu ya kuutumia mwili huo kuthibitisha kweli, kama zilivyoyaona nchi za chini ya Mlima Meru.

Meru, 1896 hadi 1900

Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliokuja kufungua kituo katika nchi ya Wameru, waliuawa huko Akeri pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Serikali ya Kijerumani iliyokuwa Moshi haikufanya upelelezi kwa maana tunayoifahamu leo. Haikuuliza nani alishika mkuki na nani alilala nyumbani kwake usiku ule. Kapteni Kurt Johannes alikwenda na askari wake, akisaidiwa na wapiganaji wa Kichaga, na adhabu ya waliotenda ikawa adhabu ya nchi nzima, kwa Wameru na kwa jirani zao Waarusha, watu wakauawa, nyumba zikachomwa moto na mifugo ikatekwa. Miaka michache baadaye boma la Wajerumani likasimama Arusha, jengo lile lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa pamoja na watu wengine kumi na wanane kwa tuhuma ya njama dhidi ya utawala, na miongoni mwao alikuwamo Mangi Lobulu Kaaya wa Meru. Kifo hakikuwa mwisho wa madhila. Katika miaka ile Felix von Luschan, mtaalamu wa jumba la makumbusho mjini Berlin, alikuwa akiwaomba maofisa na madaktari wa makoloni wampelekee mafuvu ya vichwa, ili ayapime na kuyapanga kwa elimu ya mbari iliyotukuzwa Ulaya zama hizo. Na mafuvu yakasafirishwa kwa maelfu kutoka pembe nyingi za dunia, zaidi ya 1,000 yakiwa ya Afrika ya Mashariki. Hakuna ukoo ulioombwa ruhusa, wala mjane aliyeambiwa kichwa cha mumewe kimepelekwa wapi, na hapakuwa na siku iliyowekwa ya kukirudisha. Tuseme basi kwamba hazina ya kwanza ya miili ya watu wetu, iliyokusanywa na dola kwa jina la elimu, ilijengwa pasi na idhini, pasi na mpaka na pasi na mwisho. Kasoro hizo tatu ndizo za kuangaliwa katika yote yatakayofuata.

Kidole na kipande, 1897 hadi 1922

Wakati mafuvu yanapakiwa merikebuni, elimu nyingine ya mwili ilikuwa ikikomaa Bara Hindi. William Herschel, ofisa wa Kiingereza huko Bengal, alikuwa ameanza tangu 1858 kuwataka watu watie alama za mikono yao katika mikataba. Na mwaka 1897 Calcutta ikafungua ofisi ya alama za vidole, ikitumia mpangilio uliopewa jina la Edward Henry, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1901 polisi wa London wakaichukua elimu hiyo, nayo ikaenea duniani kote.

Afrika ya Mashariki iliipokea kwa sura nyingine. Kenya ilitunga mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, ikamlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande chenye habari zake na alama za vidole vyake, aghalabu ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Aliyetoroka kazi katika shamba la mlowezi alisakwa kwa vidole vyake, kama vile kuacha kazi ni uhalifu. Harry Thuku na wenzake walipinga kipande kwa nguvu mwaka 1921, na alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi ulimiminiwa risasi. Tanganyika nayo ilikuwa na kipande chake, kadi ya kazi ya siku thelathini, ambacho wazee waliovuna mkonge waliendelea kukisimulia baada ya uhuru.

Hapa pana funzo la kwanza la historia hii. Wino ulikuwa mmoja, na mistari ya vidole ni ile ile kwa watu wote. Lakini London iliandikisha vidole vya watu waliotiwa mbaroni kwa kosa, na Nairobi iliandikisha vidole vya kila mwanamume kwa sababu ya rangi yake. Maarifa yaliyokuwa ngao ya raia mahali pamoja yakawa pingu mahali pengine, kwa kuwa kanuni iliyoyatawala ilikuwa tofauti.

Leicester, 1984 hadi 1988

Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Alec Jeffreys alitazama filamu ya eksirei yenye safu za mistari myeusi, akatambua kwamba ndani ya vinasaba vya binadamu mna sehemu zinazorudiarudia kwa idadi inayotofautiana baina ya mtu na mtu, na kwamba mtoto huzirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Inafaa kukumbukwa kwamba kazi ya kwanza ya ugunduzi huo katika sheria ilikuwa kumrudisha mtoto kwa mama yake: mwaka 1985 kijana wa familia yenye asili ya Ghana, aliyezuiwa na maofisa wa uhamiaji wa Uingereza kwa shaka kwamba si mtoto wa mwanamke aliyemwita mama, alithibitishwa kuwa ni wa tumbo lake.

Kazi ya pili ilikuwa ya mauaji. Wasichana wawili walikuwa wamenajisiwa na kuuawa karibu na kijiji cha Narborough, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kosa la pili. Vinasaba vilionyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba wasichana wote wawili waliuawa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo si yule kijana. Polisi wakawaomba wanaume wa vijiji vya karibu, wapatao 5,000, watoe damu. Colin Pitchfork alimtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake, hila ikafichuka, akakamatwa mwaka 1987 na kuhukumiwa Januari 1988. Mtu wa kwanza aliyeguswa na elimu hii katika kadhia ya mauaji alikuwa asiye na hatia, nayo ikamwokoa na kifungo kilichojengwa juu ya maungamo yake mwenyewe. Wale wanaouona upelelezi wa vinasaba kuwa ni silaha ya serikali tu, hawana budi kuikumbuka shahada hiyo.

Ni vema tuione kazi yenyewe kwa karibu, kama inavyofanywa siku hizi. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu la mtu, kikaachwa kikauke, kikatiwa katika bahasha ya karatasi na kufungwa kwa lakiri, jina la aliyechukua sampuli, saa na tarehe vikiandikwa juu yake. Maabarani seli huvunjwa kwa dawa, vinasaba hutengwa, na sehemu chache zilizochaguliwa, kumi, kumi na sita au ishirini kwa kadiri ya sheria ya nchi, hunakiliwa na mashine mamilioni ya mara hata zionekane. Kisha mashine nyingine huzipima urefu na kuchora vilele juu ya mstari, na mtaalamu husoma: mahali hapa pana marudio 14 kutoka kwa mzazi mmoja na 17 kutoka kwa mwingine, pale pana 9 na 11, na kadhalika hata mwisho wa safu. Kinachoingia katika kanzidata ni safu hiyo ya tarakimu, pamoja na alama ya jinsi, na haielezi sura ya mtu wala tabia yake. Ile pamba yenyewe, walakini, ikihifadhiwa kabatini, imebeba kila kitu: maradhi ya kurithi, asili ya ukoo, na siri za nasaba ambazo huenda hata wenyewe hawazijui. Mwenye kushika tarakimu ameshika jina. Mwenye kushika pamba ameshika ukoo mzima.

Ulaya, 1995 hadi 2012

Mwaka 1995 Uingereza ilifungua kanzidata ya taifa ya vinasaba, ya kwanza ya namna yake, na mwaka 1998 Marekani ikafuata kwa daftari lililounganisha majimbo yake. Manufaa yakaonekana haraka. Makosa yaliyokwisha kukatiwa tamaa yalifufuliwa, wabakaji waliohama mji hata mji walifungamanishwa na makosa yao, na huko Marekani wafungwa wengi waliohukumiwa kwa dhuluma, baadhi yao wakingojea kunyongwa, walitolewa gerezani.

Hata hivyo Uingereza ilikuwa imeweka mlango wa kuingilia bila mlango wa kutokea. Aliyekamatwa tu, hata asiposhitakiwa, hata akiachiliwa na mahakama, alibakizwa katika daftari pamoja na wahalifu. Raia wawili walilalamika, mmoja akiwa mtoto wa miaka 11 wakati alipokamatwa kwa tuhuma ya kujaribu kunyang'anya, akaonekana hana hatia. Na tarehe 4 Desemba 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg, iliamua kwa kauli moja katika shauri la S na Marper kwamba kuvihifadhi daima vinasaba vya wasio na hatia, bila kutofautisha kosa wala umri, ni kuivunja haki ya faragha. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya mwaka 2012, na kumbukumbu za watu wengi zikafutwa.

Ujerumani nayo ilitoa onyo la aina nyingine. Polisi walikuwa wakimtafuta mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana mahali pa makosa yapatayo 40 katika nchi tatu, pamoja na mauaji ya askari polisi mwanamke yaliyotokea Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwa mhalifu kabisa: alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vilivyotumiwa na wapelelezi, na vinasaba vyake vilitoka kiwandani pamoja na pamba. Elimu haikukosea hata chembe. Waliokosea ni watu waliosadiki kwamba panapoonekana kinasaba hapahitaji fikra. Mwanasheria wa Kiafrika anayeletewa hati ya maabara mahakamani na aikumbuke kadhia hiyo kabla ya kuinamisha kichwa.

Tanzania, 2009 na baada yake

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chimbuko lake ni maabara ya magonjwa ya nchi za joto iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1895 wakati wa Wajerumani, ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya vinasaba nchini Tanzania. Mwaka 2009 Bunge lilitunga Sheria Na. 8 ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu, inayosimamia kuchukuliwa kwa sampuli, kusafirishwa, kuchunguzwa, kuhifadhiwa na kuteketezwa kwake, ikakataza watu kubaguliwa kwa sababu ya vinasaba vyao, na kuweka msingi wa kanzidata ya taifa. Mwaka 2016 sheria nyingine ikaifanya maabara hiyo kuwa mamlaka kamili, yenye ofisi za kanda, na ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha.

Sheria ya 2009 ina busara moja ambayo haisifiwi vya kutosha. Mtu hawezi kuingia maabarani na unywele wa mtoto mfukoni akaomba kujua kama mtoto ni wake. Ombi hupitia mamlaka zilizotajwa, kama mahakama, wakili, ofisa wa ustawi wa jamii au polisi. Katika jamii ambamo nasaba ndiyo mlango wa urithi, wa mahari, wa kaburi na wa heshima, kizuizi hicho kimewaokoa watoto wengi na aibu isiyo taksiri yao.

Katika makosa ya jinai manufaa ni makubwa kuliko yanavyotumika. Mtazame msichana aliyebakwa katika kijiji cha mteremko wa Meru: afikapo kituo cha polisi hupewa fomu namba tatu ya polisi, ambayo kila mtu huiita PF3, akaelekezwa kwenda nayo hospitali, pengine hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na kila saa ipitayo barabarani, na kila ndoo ya maji aogayo kwa kutaka kujitakasa na yaliyompata, hufuta sehemu ya ushahidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwa miaka mingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe, na kwamba kukosekana kwa kipimo cha vinasaba hakuvunji kesi. Kanuni hiyo ni ya insafu, kwani vinginevyo maskini wa mbali na maabara wangekosa haki. Ila inabaki kweli kwamba sampuli iliyochukuliwa mapema na kulindwa vizuri humwondolea mwanamke mzigo wa kusadikiwa au kutosadikiwa, na humwondolea mwanamume aliyesingiziwa hatari ya miaka thelathini gerezani.

Kanzidata isiyo na faragha ya kuvunjwa, 2009 hadi 2015

Palikuwa na viumbe wengine waliohitaji upelelezi huu. Idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hata kufikia 43,000 hivi mwaka 2014, kwa hesabu za Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, yenye makao yake Arusha. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa amekusanya kwa miaka mingi kinyesi cha ndovu kutoka nchi nyingi za Afrika, akatoa humo vinasaba na kuchora ramani ya ndovu kwa mahali. Pembe zilizokamatwa bandarini zikalinganishwa na ramani hiyo. Mwaka 2015 akatangaza pamoja na wenzake kwamba zaidi ya asilimia 85 ya pembe za ndovu wa mbuga zilizochunguzwa, zilizokamatwa tangu 2006 hata 2014, zilitoka Afrika ya Mashariki, na kitovu kilikuwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Haikuwezekana tena kusema kwamba pembe ni za kwingineko.

Ushindi huo umewafanya wengi waulize: ikiwa daftari la ndovu wote lafaa, kwa nini tusiwe na daftari la watu wote? Jibu ni kwamba ndovu hana jina la kuchafuliwa, wala urithi wa kugombewa, wala mwajiri wa kumfukuza, wala serikali ya kumshuku kwa sababu ya ndugu yake. Mtu anavyo vyote hivyo.

Kuwait na Nairobi, 2015 hadi 2020

Dola moja ilijaribu. Baada ya bomu lililoua watu 27 katika msikiti wa Imam Sadiq tarehe 26 Juni 2015, Kuwait ilitunga sheria ya kumlazimu kila raia, kila mkaazi na hata mgeni kutoa vinasaba. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliibatilisha mwaka 2017, na kheri ikatoka pale pale palipotoka msiba.

Kenya ilifuata njia iliyokaribiana na hiyo. Mwishoni mwa 2018, ndani ya sheria ya marekebisho mbalimbali, Sheria ya Usajili wa Watu ilibadilishwa ili daftari jipya la taifa liweze kuchukua vinasaba na mahali anapoishi kila mtu. Walioshtaki walikuwa, miongoni mwa wengine, jumuiya ya Wanubi, watu ambao kwa vizazi vingi wamesumbuka kupata vitambulisho, na waliojua kwa hiyo gharama ya kuandikwa na ya kutoandikwa. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kuchukua vinasaba na mahali pa makazi ni kuingilia mno maisha ya mtu, hakuna ulazima uliothibitishwa, na ni kinyume cha katiba. Nchi ya kipande cha shingoni, takriban miaka mia moja baada ya Harry Thuku, ilikataa kipande cha damu kabla hakijaanza kugawiwa.

Haikuwa kuikataa elimu yenyewe. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu moja, wengi wao waliofishwa kwa njaa, na miili mingi haitambulikani. Jamaa wakatoa vinasaba vyao, na mwezi wa Machi 2024 huko Malindi miili ya kwanza ikakabidhiwa kwa wenyewe ili izikwe kwa heshima. Waliotoa walijua wanatoa nini, kwa ajili gani, na wanangojea nini.

Arusha na watoro wa haki, 1994 hadi 2022

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mwezi wa Novemba 1994 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ya kuwahukumu waliotenda mauaji ya kimbari ya mwaka ule, na Arusha ikawa makao yake. Hukumu za kwanza za mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari zilitolewa katika mji huo mwaka 1998. Mahakama ilipofungwa mwisho wa 2015, washtakiwa kadhaa walikuwa bado hawajapatikana, na kazi ya kuwatafuta ikabaki kwa taasisi iliyoirithi, ambayo tawi lake la Arusha liko Lakilaki.

Félicien Kabuga, mfanyabiashara aliyetuhumiwa kuyagharimia mauaji, alitoroka kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipokamatwa Asnières-sur-Seine, karibu na Paris, tarehe 16 Mei 2020, akiwa na jina lisilo lake, kilichothibitisha kwamba mzee yule ndiye Kabuga kilikuwa ni vinasaba, vilivyolinganishwa na sampuli iliyobaki tangu alipotibiwa Ujerumani mwaka 2007. Siku chache baadaye mwendesha mashtaka wa taasisi hiyo, Serge Brammertz, alitangaza kwamba Augustin Bizimana, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Rwanda, alikwisha kufa tangu 2000, na mabaki yake yalitambuliwa kwa vinasaba kutoka kaburi la Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville. Na mwezi wa Mei 2022 ikathibitishwa kwa njia hiyo hiyo kwamba Protais Mpiranya, kamanda wa walinzi wa rais, alifia Harare mwaka 2006.

Kwa manusura wa Rwanda kujua tu kwamba fulani amekufa na hatarudi ni aina ya haki, na haki hiyo isingepatikana kwa ushahidi wa vinywa. Hata hivyo inafaa tukiri uzito wa jambo moja: sampuli iliyotolewa hospitalini kwa ajili ya matibabu imetumika katika upelelezi. Kwa kosa la mauaji ya kimbari, chini ya amri ya majaji, hilo linastahili. Kwa kosa dogo, kwa amri ya ofisa mmoja, wagonjwa wangeanza kuogopa hospitali, na hasara ya taifa ingezidi faida yote ya upelelezi.

Berlin na Kilimanjaro, 2017 hadi 2023

Mafuvu ya von Luschan yalipita mikono mingi, na mwaka 2011 yakawa chini ya Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Kuanzia 2017 wataalamu wake, wakishirikiana na wenzao wa Afrika ya Mashariki, waliyachunguza mafuvu yapatayo 1,100 ya Rwanda, Tanzania na Kenya. Na mwezi wa Septemba 2023 wakatangaza kwamba watatu miongoni mwa wafu hao wamepata jamaa walio hai nchini Tanzania, kwa kulinganisha vinasaba vya mafuvu na vya wazao waliotoa sampuli zao. Mmoja alikuwa ameandikwa kwa jina la Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Mwezi wa Novemba mwaka ule Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha huko Songea kwa yaliyotendwa na wakoloni. Na katika nchi ya Meru ukoo wa Kaaya umeendelea kumtafuta Mangi Lobulu, kazi iliyoonyeshwa katika filamu ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner mwaka 2024.

Mfupa uliotwaliwa kwa nguvu ulibaki bubu zaidi ya miaka mia moja, kwa maana hakuna aliyekuwa nao aliyejua kuuliza swali la haki. Ulipata jina siku ile watu walio hai walipokubali, kwa hiari na kwa kusudi wanalolijua, kutoa sehemu ya miili yao ili ilinganishwe nao. Idhini haikuizuia elimu; ndiyo iliyoifikisha kwenye kweli.

Sheria ya 2022 na dhima iliyobaki

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa ni nyeti, chini ya uangalizi wa Tume iliyozinduliwa Aprili 2024. Hiyo ni hatua ya kusifiwa, hasa kwa kuwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, ambao mahakama yake iko Arusha, hauna ibara inayoitaja faragha kwa jina. Lakini sheria ya 2022, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, inauachia upelelezi wa makosa nafasi pana. Kwa hiyo mipaka ya kanzidata ya wahalifu haina budi kuwekwa ndani ya sheria ya vinasaba yenyewe na kanuni zake.

Mipaka hiyo historia imekwisha kuitaja. Tarakimu zitunzwe, na pamba iteketezwe mara tarakimu zikipatikana na kuthibitishwa. Aliyeachiliwa na mahakama afutwe bila kuomba, na mtoto asiandikwe kama mtu mzima. Sampuli ya hospitali isifunguliwe kwa polisi ila kwa amri ya hakimu na kwa kosa zito. Ndugu wa mshukiwa wasisakwe kwa vinasaba vyake bila idhini hiyo hiyo. Aliyeshitakiwa kwa hati ya maabara apewe mtaalamu wa kuihakiki, hata kama hana fedha, kwa kuwa pamba ya Heilbronn yaweza kuwako popote. Na fedha zitolewe vijijini kabla ya makao makuu, ili PF3 ya msichana wa Meru ifuatane na bahasha iliyofungwa vizuri.

Uingereza ilijenga kanzidata yake mwaka 1995 na kuiwekea mipaka ya haki mwaka 2012, na katika miaka hiyo kumi na saba raia wengi wasio na hatia waliishi katika daftari la wahalifu. Kenya iliuliza swali la haki kwanza, na haikuwa na kumbukumbu ya kufuta. Tanzania bado inao uwezo wa kufuata utaratibu huo wa pili, kwa kuwa hazina yetu ingali changa; kila mwaka upitao ikikua bila mipaka, kazi ya kuirekebisha itakuwa ngumu zaidi, na watakaolipa gharama yake ni wale ambao hawakutenda kosa lolote.